Kwale wa Njia ya Segerea

Madarasa niliyosoma ni mawili, na la pili sikulimaliza. Kuandika huku nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani. Atakayeona kosa alipite.

Wajukuu zangu wakiniona nimesimama njiani namtazama mdudu, wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni mazoea niliyoyapata kwa taabu wakati natafuta mke.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilitoka bara kwa miguu, nikapanga chumba Temeke, nikawa nabeba magunia bandarini siku sita za wiki. Nilikuwa nimesilimu, mwaka wa pili ule. Binti niliyemtaka alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Baba yake alikuwa mzee wa pwani, fundi wa kuezeka makuti, mfupi, mkavu, na alikuwa na shamba la mpunga bondeni huko Segerea, wakati huo pori tupu. Nilipompelekea maneno yangu hakusema ndiyo wala hapana. Aliniuliza, "Jumapili unafanya nini?"

"Napumzika, mzee."

"Basi utapumzikia njiani."

Ndivyo nilivyoanza kutembea naye. Ulikuwa msimu wa kaskazi, miezi ile ya joto kabla ya masika, shati linakuganda mgongoni jua halijapanda. Alfajiri anakohoa mlangoni kwangu, natoka, tunashika njia ya Yombo. Mwendo wa saa tatu kwa mtu anayekwenda, lakini yule mzee hakuwa anakwenda. Hatua kumi, anasimama. Anainua kidole.

"Yule nani?"

"Njiwa."

"Njiwa! Yule ni ninga, wewe mtu wa bara. Huoni alivyo kijani? Kwenu huko njiwa wote mnawapaka rangi moja?"

Sikupenda kuambiwa sijui. Mie niliyeliingia jiji hili bila ndugu wala mwenyeji, niambiwe sijui ndege! Lakini nilinyamaza, maana nyuma ya ndege yule kulikuwa na binti.

Yeye hakutazama kwa starehe. Alikuwa anatafuta siku ya kupanda. Alisikiliza dudumizi analilia upande gani, kwa sababu ndege yule huiita mvua. Alichungulia vichuguu kama vimeanza kutobolewa matundu ya kutokea kumbikumbi. Aliwapima mbayuwayu kwa macho, wanaruka juu au chini. Kalenda nyingine hakuwa nayo. Siku moja vunjajungu alimtua begani, nikamfuta kwa mkono kama heshima. Mzee aliruka. "Umemgusa! Leo usishike chungu kwangu hata kimoja, utakivunja." Na kweli, tuliporudi mama wa binti alinisukumia chakula kwenye ungo, vyungu vikiwa mbali na mkono wangu, huku binti akicheka nyuma ya mlango. Kile kicheko kilinipeleka Segerea Jumapili nyingine nne, na miguu imevimba.

Sasa hiyo Jumapili ya tano. Magunia ya wiki ile yalikuwa ya chumvi, bega langu moja limechubuka. Tumefika karibu na bonde, kwale wakaruka kutoka kwenye nyasi. Mimi nimekulia kuchunga. Kombeo nilikuwa nalo kiunoni siku zote. Nikaokota jiwe, nikazungusha, nikaachia. Kwale mmoja akaanguka nyuma ya kichaka.

"Kimbia, mchinje!" mzee akapiga kelele. Hapo kwa mara ya kwanza nilisikia furaha kwenye sauti yake.

Nilikimbia. Nilimkuta ameshakufa. Jiwe lilimpata kichwani, shingo imelegea kama kamba. Aliye Mwislamu anajua: kwale yule alikuwa kibudu, haliwi, mchezo umeishia hapo. Nami nilijua. Nilisimama na kisu mkononi nikiwa nimechoka hadi kwenye mifupa, nikasikia ile furaha ya mzee bado masikioni. Nikamkata shingo maiti. Nikarudi naye.

"Umemwahi?"

"Nimemwahi, baba. Na bismillahi nilisema."

Akampokea, akamgeuza. Akaenda nyuma ya kichaka, akachuchumaa mahali nilipochinjia, akatazama ardhi jinsi alivyotazama kila kitu. Alikaa pale muda mrefu. Mie nimesimama juani, jasho linaniingia machoni.

"Msimu huu damu ikimwagika," akasema, "sisimizi wanafika kabla hujafuta kisu. Hapa simwoni hata mmoja."

"Labda nilimchinjia pale mbele kidogo."

"Labda. Au sisimizi wa leo wameshiba."

Akanirudishia kwale. Tulifika shambani, tukalima, tukarudi, na njia nzima hakusimama hata mara moja. Dudumizi alilia, hakugeuka. Kwa mara ya kwanza tulitembea kama watu wanaokwenda mahali, na ilikuwa njia ndefu kuliko zote. Mlangoni kwangu alisema, "Kamle kwako. Kwangu leo wamefunga."

Na Ramadhani ilikuwa bado mbali.

Nilimla yule kwale. Sitawadanganya na leo. Nilikuwa na njaa, nikamla wote peke yangu, mlango nimeufunga.

Jumapili iliyofuata sikusikia kikohozi. Na iliyofuata tena. Nilikuwa nimelala macho wazi tangu alfajiri, nasikiliza. Binti nilipokutana naye kisimani alinipita akitazama ndoo yake; sikujua kama ameambiwa au ameambiwa asiulize. Kazini kuli mwenzangu alinitania, "Umeachwa na mkwe kabla ya mke!" Nikataka kumpiga, mkono ukakataa kuinuka. Nilikuwa nimechoka na vyote, hata na hasira.

Jumapili ya tatu niliondoka peke yangu. Hakuna aliyenionyesha ndege, lakini niliwaona. Sikutaka, macho yalikwenda yenyewe. Ninga kwenye mkuyu. Mnana anasuka kiota. Jongoo wanakatisha njia, wengi, na nikajua bila kuambiwa kwamba mvua iko karibu na mzee ana haraka ya kupanda, na yuko peke yake.

Nilimkuta ameinama kwenye tuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinuka.

"Yule kwale alikuwa ameshakufa nilipofika. Nilimkata akiwa maiti. Nikakuletea ule, wewe na watu wako."

Akainuka taratibu, akashika kiuno. "Hilo nililijua palepale. Nilikuwa nangoja nione utachukua siku ngapi." Akahesabu kwa vidole vyenye matope. "Siku ishirini na moja. Hata yai la kuku limeshaanguliwa."

Nilikunja suruali, nikasogea kwenye tuta.

"Kuua kibudu si kosa, mkono wa mtu hauna macho," akasema. "Ungemtupa pale, ukarudi mikono mitupu, ningekucheka tu. Ulitaka niingize haramu tumboni ili usichekwe. Hilo limenikaa hapa." Akajigonga kifuani. Kisha akanirushia jembe. "Shika. Mvua haitungoji tumalize."

Tulilima hadi alasiri, na hakunisifia hata tuta moja. Wakati wa kufunga mizigo alisema, uso ameuelekeza kwingine, "Masika yakipita, lete wazee wako."

"Sina wazee mjini, baba. Nilikuja peke yangu."

"Basi kaazime. Mji huu una wazee wengi hawana kazi."

Usiku ule, kabla hata ya kunawa miguu, nikapiga hodi kwa mzee mwenye nyumba wangu.