Kurasa Saba, Dakika Kumi

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo iliyoandikisha wapishi na wafagiaji wa kwenda kufanya kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Mfumo wa kuandikisha niliuunda mimi: kurasa saba, mtu anajaza kwenye kompyuta za ofisi yetu hapa Palma. Kila aliyeingia, seva ilimfungulia sesheni, yaani ilimshikia majibu yake mpaka afike ukurasa wa mwisho na kutuma. Asipobonyeza kitu kwa dakika kumi, sesheni inakufa, na yote aliyoandika yanafutika. Dakika hizo aliziamuru shefe, bosi wangu aliyekaa mji mkuu, eti kwa usalama. Mimi nikaziandika bila kubisha.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Pundanhar kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mpishi, amewahi kupikia wajenzi wa barabara. Kusoma anajua, ila anaandika kwa kidole kimoja. Alipofika ukurasa wa tano, mtandao ukakatika. Uliporudi baada ya robo saa, mbele yake ukatokea ukurasa wa kwanza, mtupu.

"Mwanangu, yamekwenda wapi?"

"Yamefutika, mama. Tuanze tena."

Akaanza tena. Ukurasa wa sita ukamtaka namba ya bilhete. Akainamia mkoba kukitafuta kitambulisho hicho, akatoa kanga, akatoa vyeti vya watoto, na alipokipata, sesheni ilikuwa imeshakufa. Hakulia. Alinigeukia akasema, "Kama hamtaki tuandikwe, semeni. Msituchezee."

Damu ikanipanda. Nikampigia shefe, nikamwambia kwa mtandao wetu dakika kumi hazitoshi, tuhifadhi kila ukurasa mara tu unapojazwa.

"Watu wenu hawajui kompyuta," akajibu. "Asiyeweza fomu hataweza kazi."

"Anaomba kupika, shefe, haombi kujaza fomu!"

"Usinipigie kelele, dada. Na usiguse kitu."

Nikakata simu, nikagusa. Niliwaomba watu wote wanisubiri mpaka baada ya adhuhuri, nikaketi kuandika huku nimeuma meno, nakosea, nafuta, narudia. Kuanzia hapo kila ukurasa ulikwenda moja kwa moja kwenye hifadhidata. Mtu akipewa namba yake na neno la siri, hata umeme ukizimika, akirudi anayakuta majibu yake palepale alipoachia.

Alasiri mama akakaa tena. Mtandao ulikatika mara mbili. Kila uliporudi aliingiza namba yake, akasogeza uso karibu na kioo.

"Yamo," akasema. "Haya, yamo yote."

Akatuma. Baadaye aliitwa, na sasa anapika huko Afungi.

Mimi nilifukuzwa wiki ileile kwa kukaidi amri. Mfumo hawakuurudisha ulivyokuwa. Nasikia shefe aliwaeleza wakubwa zake kwamba wazo lile lilikuwa lake. Hilo linaniudhi, lakini si sana. Kinachonichoma ni wale waliokuja kabla ya mama yule, wakafika ukurasa wa tano au wa sita, wakafutiwa, wakanyanyuka kimya wakaenda zao. Niliwaona wakitoka mlangoni. Ningetaka kuwatafuta niwaambie warudi, ila siwezi: mfumo niliouandika kwa mikono yangu haukushika hata jina la mmoja wao.