Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Naona haya mpaka leo, na nikianza tu kusimulia masikio yanawaka moto, lakini kwa kuwa mwanitaka niseme, basi nasema, ila anayecheka na acheke kwa adabu.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa karani wa afya Msambweni, na Serikali ilitutaka tupange namna ya kuwapima watu Ukimwi kwa vile vipimo vipya vya haraka, wachomwa kidole, wangoja dakika kumi na tano, jibu unalo (kabla ya hapo damu ilipelekwa mbali na mtu akangoja mpaka akakonda kwa kungoja). Vipimo vyenyewe vilikuwa havijafika bado. Kilichotakiwa ni mpango, na mpango nikapewa mimi, na bwana mkubwa kutoka Nairobi angekuja kijiji cha Kinondo kuutazama tukiufanyia mazoezi, na mimi nilibakisha wiki tatu nimwoe Mwanamisi wa hapo hapo Kinondo, basi jionee wenyewe, sili nikashiba, sikai nikatulia.

Mpango nikauona una akili. Jambo kubwa ni siri, nikasema, kwa hiyo tusitumie zahanati yenye mlango mmoja, tuazime madrasa, ina milango miwili. Aliye salama atatokea mbele aende zake. Mwenye virusi atatokea nyuma, kwenye benchi la mshauri, asionekane na mtu. Sista Achieng, muuguzi wetu, mtu wa Kisumu, akaniuliza, "Bakari, una uhakika na hii milango?" Nikamjibu, "Sista, niachie mimi, hawa ni watu wangu." (Natamani ningejiuma ulimi siku ile.)

Kisha nikamwambia mpiga mbiu atangaze kuna upimaji, asiseme ni mazoezi, maana watu wakisikia mazoezi watadharau, nami nilitaka bwana mkubwa aone umati. Umati akauona.

Tukaingia watu watano wa kuigiza, mimi nikiwa mmojawapo, tukavua viatu mlangoni kama kawaida (nani ataikanyaga mikeka ya madrasa na viatu?). Vyangu vilikuwa vipya, vya ngozi, vina bizimu, nimevinunua Kona ya Musa kwa ajili ya harusi, nikavivaa siku ile ili mgeni anione mtu. Ndani Sista alikuwa na kadi nne nyeupe za walio salama na moja nyekundu ya mwenye virusi, ndiyo majibu yetu ya kuigiza. Ile nyekundu hakuna aliyeinyooshea mkono. Nikaichukua mimi, nikajisemea mwenye mpango ndiye aujuaye.

Wenzangu wakatokea mbele, kila mtu akavaa vyake akaondoka. Mimi nikatokea nyuma, nikakaa kwenye benchi pekupeku, nangoja kuitwa nipongezwe. Mara nikasikia huko mbele sauti ya mama mmoja: "Viatu hivi si vya Bakari? Mwenyewe yu wapi?"

"Katokea nyuma, kwenye benchi la mshauri," akajibiwa.

"Nyuma? Ala!"

Na hapo nikaisikia sauti ya Mzee Hamisi, ami yake Mwanamisi, ambaye ndiye angetuozesha kwa kuwa baba mtu alikwisha fariki: "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Jamani, nikawekewa matanga nami nasikia!

Nikainuka mbio, nikazunguka jengo huku michongoma ikinichoma nyayo, nikapaza sauti, "Ni mazoezi! Wallahi ni mazoezi tu!" Mzee mmoja akatikisa kichwa, "Pole mwanangu, kila mtu huanza kwa kukataa." Nikasema siumwi, nimepewa kadi tu, na pumbavu mimi nikaiinua juu waione. Nyekundu! Watu wakarudi nyuma hatua mbili.

Bwana mkubwa akamgeukia Sista, "Sasa siri iko wapi hapa?" Nami nikamkimbilia Mzee Hamisi, "Shikamoo ami" (na asubuhi nilikwisha mwamkia), "muulize Sista, atakwambia." Akaitikia marahaba bila ya kunitazama, akasema, "Harusi isubiri kwanza, Bakari," akaenda zake.

Sista aliwaeleza watu mpaka sauti ikamkauka. Wengine waliamini, wengine waliondoka na habari yao, na habari ilifika Msambweni kabla yangu.

Alasiri ile Mwanamisi akaniita kwa shangazi yake. Nikaanza kujitetea, akanikata kauli. "Sista kanieleza, najua ni mazoezi. Miye nakuuliza jingine. Wewe umewahi kupimwa kweli?"

Miezi mizima nawaambia watu kupimwa si kitu, na mwenyewe sijawahi, na kwa kweli naogopa.

"Basi twende sote wawili," akasema. "Twende wapi?"

"Mombasa," nikajibu upesi. "Huko hakuna anayetujua."

Akanitazama sana. "Na hawa wa Kinondo uliowapangia milango, waende wapi?"

Jumatatu tukavuka feri, tukafika hospitali asubuhi, mimi naketi nainuka, nasoma bango lile lile mara kumi, Mwanamisi ananivuta shati nikae. Mlango wa chumba cha damu ukafunguliwa, akatoka mtu amebana pamba mkononi, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mzee Hamisi!

Tukatazamana. Nikasema shikamoo, na safari hii akaniitikia huku ananitazama, na macho yake yalikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi. Akaketi kando yangu, akanong'ona, "Bakari, ule mpango wako uurekebishe, mwanangu. Nauli ya kuja huku kila mtu ataipata wapi?"

Tuliporudi kupimwa nikauchana mpango wote, nikaandika mwingine, watu wote mlango mmoja na wote wakae na mshauri, awe salama asiwe salama. Na nikaapa sitampangia tena mtu njia ambayo mwenyewe naikimbia.