Aliyetufungia Parabole Mchana

Siku ile ndani ya parsele yetu, ua na nyumba, hapa mtaa wa Lumumba mjini Bunia, tulikuwa mimi, mdogo wangu Dido, mdogo wetu wa mwisho Furaha, na jirani yetu Mama Jeanne, ambaye alikuja na kiti chake mwenyewe ili akae vizuri akitukosoa. Hakuna mwingine. Nawataja wote kwanza, maana mtakaposikia sauti iliyotoka ndani ya nyumba nataka mjue haikuwa ya mmoja wetu. Wala msiniambie niliota. Jua lilikuwa kali, tulikuwa tumetoka misa, na pombe siinywi. Nani aliwafundisha kwamba wafu wanatembea usiku tu?

Wazazi wetu walikufa wakati wa vita, nikaacha shule katikati ya mwaka. Tangu hapo nauza samaki wadogo wa ziwa. Napanda lori, napita Bogoro, nateremka ziwani, narudi na magunia. Hao watoto wawili ndio kazi yangu hapa duniani. Basi niacheni niseme kwa nini nilinunua parabole, ile sahani ya kunasa televisheni, maana hapo ndipo uongo wa watu wa avenue yetu, barabara hii tunayokaa, unapoanzia.

Dido ana wazimu wa mpira. Timu yake iko Lubumbashi, huko chini kabisa ya nchi. Hajawahi kufika huko, lakini anajua mpaka golikipa wao anavaa kiatu gani. Mechi alikuwa anaziangalia kwenye sine, ule ukumbi wa mabati mwisho wa barabara. Na kwenye ukumbi ule kulikuwa na wanaume. Hawana kazi, hawana shamba, lakini pesa ya kuwanunulia watoto wa watu soda wanayo. Wanamkalia mtoto karibu, wanamuuliza: "Weye uko na nguvu hivi, unafanya nini hapa mujini?" Tuliambiwa kuna amani. Amani gani, ikiwa vijana wa avenue yetu walitoka kwenda kuangalia mpira na hawajarudi mpaka leo? Kila mtu alijua wanapelekwa porini kushika bunduki. Kila mtu alinyamaza.

Jioni moja Dido akarudi anacheka peke yake. Bwana mmoja amemwahidi jezi. Jumapili, mechi ikiisha, gari litampeleka kuichukua "kule mbele". Kule mbele wapi? Hajui. Jezi ya bure! Kumfunga kamba siwezi, amenipita urefu. Nikamwambia, "Mechi ya Jumapili utaiangalia hapa nyumbani."

"Na nini, Yaya?" Ndivyo wanavyoniita, mimi mkubwa wao. "Na sufuria?"

Kumbe njia ipo. Sokoni nilielezwa kwamba kuna sheni, stesheni za televisheni, zinazotoka angani bure, bila abonema, yale malipo ya kila mwezi, na televisheni ya taifa imo, ile inayoonyesha timu za nyumbani. Unahitaji parabole, dekoda ya sheni za bure, waya, na mahali pasipo na mti mbele. Televisheni ya marehemu baba tulikuwa nayo. Vingine nikanunua vilivyokwisha tumika, na umeme tukavuta kwa Mama Jeanne.

Tukaanza tulipotoka misa. Mimi uani, nageuza sahani kwenye bomba lake. Dido ndani, mbele ya televisheni. Furaha dirishani, anapokea na kupeleka maneno. Aliyewahi kufunga parabole anajua, kazi yenyewe ni kupigiana kelele.

"Dido, iko?"

"Pwisansi iko, kalite haiko!"

"Yaya, anasema kalite haiko!"

"Nimesikia!"

"Sasa miye mulinisimamisha hapa ya nini?" Furaha akasema.

Nguvu ilikuwapo lakini picha haikuwapo, ndiyo maana yake. Mama Jeanne akanyoosha kidole toka kitini. "Weye mutoto, acha kichwa ngumu. Angalia ya jirani wa upande ule. Yake inaonyesha muzuri, weka sawasawa na yake."

Nikafanya hivyo. Nikaipanga yangu na ya jirani kama viatu viwili vya mtu mmoja. Nikaisogeza kidogo huku, kidogo kule. Picha haikuja. Wakati wa mechi ulikuwa unakaribia, na Dido akatoka nje amevaa kofia.

"Yaya, umejaribu. Miye nakwenda."

Furaha akatoka mbio nyuma yake, akamshika shati. Nyumba ikabaki tupu. Shikeni hilo, nawaomba. Sote tulikuwa uani.

"Yaya, unakopia ya jirani."

Kijana alikuwa amesimama ndani ya ua. Amevaa jezi ya timu ya Dido, ile ya zamani, na matope mabichi mpaka magotini. Matope ya wapi? Ilikuwa kiangazi, vumbi la Bunia lilikuwa linaingia hata kwenye chumvi.

"Ile ya jirani ni ya kulipa," akasema. "Inaangalia juu kabisa, kama sahani inangojea mvua. Ya bure inalala huku, upande jua inazamaka, kule kwenye pori."

"Na weye ni fundi?" Mama Jeanne akamrushia. "Fundi gani haiko hata na kifungulo ya kukaza nati?"

"Mama, mukono ni kifungulo."

Tukacheka, hata mimi. Akaja, akaizungusha sahani, akailaza upande wa machweo, akapinda kidogo kile kichwa kinachokaa mbele yake. Sisi tulikuwa tumelowa jasho. Yeye hakuwa na tone.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba. "Iko! Acha hapo. Funga."

Nilimtazama Dido, alikuwa kando yangu. Furaha alikuwa bado ameshika shati lake. Mama Jeanne alikuwa kitini, mdomo wazi. Na niaminini, sauti ile ilikuwa ya kijana huyu huyu, naye alikuwa mbele ya macho yangu, midomo imefungwa. Akakaza nati kwa vidole.

Dido akakimbilia ndani. "Kalite, Yaya! Kalite imejaa!" Timu zilikuwa zinaingia uwanjani.

Nikamuuliza kijana nimlipe nini.

"Hapana makuta, Yaya. Weye unapitaka Bogoro. Umufikie mama yangu, Mama Veronika, anauzishaka mihogo karibu na kanisa. Umuambie Justin anasema asimungojee tena."

Nikacheka. "Bogoro ni hapa tu! Panda lori, jiendee."

"Najaribu kila siku. Nikifika kwa mulima, njia inanirudisha kwa sine." Dido alikuwa amerudi mlangoni, na kijana akamtazama. "Balininunulia soda moja, mudogo yangu. Moja tu. Na haikukuwa hata ya baridi."

Nilimgeukia Furaha nimwambie alete maji ya kunywa. Niligeuza kichwa, basi. Nilipotazama tena, kijana hakuwapo. Mlango wa ua una kopo linalogonga kila ukifunguliwa, na halikugonga. Chini palikuwa pakavu, hakuna tope hata kidogo. Mama Jeanne akabeba kiti chake akaenda zake bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake kunachukua nusu ya jioni.

Dido hakwenda popote. Alikaa mbele ya televisheni, amevua kofia, na sidhani kama aliuona mpira. Timu yake ilifungwa, hakulalamika. Jioni ile gari lilikuja kwenye sine, likaondoka na watoto wa wenzangu.

Sasa mnadhani avenue ilisema nini? Ilimlilia nani? Ilinisema mimi! Eti nimenunua jini wa televisheni. Eti yatima hawa wanakula na nani usiku. Mhubiri mmoja alitaka tuing'oe parabole tuichome. Wakaja mafundi na vifungulo vyao, na ile nati haikusogea. Dhoruba ikapita, ikabeba mabati ya jikoni, lakini parabole haikutikisika. Huo ndio wanaouita ushahidi wa uchawi wangu. Marehemu aliyetaka mdogo wangu abaki nyumbani ndiye mbaya. Wanaume wazima, wenye pumzi, wanaokusanya watoto kwenye ukumbi wa mpira, hao wanasalimiwa kwa mikono miwili! Nilipolitaja gari, mkubwa wa avenue aliniambia nisiharibu amani. Nikamuuliza amani ya nani. Mpaka leo sijaacha kuuliza.

Safari yangu ya kwanza ziwani, nilishuka Bogoro. Karibu na kanisa walimjua mara moja. "Mama Veronika? Alikwenda." Mtu fulani alimdanganya kwamba kijana anayefanana na wake ameonekana Bule, akafunga vitu vyake akaondoka. Nikatuma neno kwa wachuuzi wa Bule waje kuniona. Barabara ile leo inafunguka, kesho inafungwa. Jibu lilipofika, lilisema alikuwa amekwisha pita, anaulizia kwenye machimbo ya dhahabu. Mnaona? Mimi nina neno la kumpumzisha, naye anazidi kutembea.

Kwa hiyo nawaonya. Mtu akikufanyia kazi hujamwita, muulize malipo kabla hajagusa kitu. Pesa ningemaliza kulipa siku ile ile. Na mtoto wako akirudi na ahadi ya zawadi toka kwa mtu asiyemjua, usingoje uone mzimu ukianika matope yake uani kwako. Mimi nilibahatika. Wenzangu hawakubahatika.

Na mkikutana njiani na mama anayeuliza habari za kijana anayeitwa Justin, mpeni kiti, mpeni chakula, lile neno msimwambie ninyi. Mwambieni kuna muuza samaki hapa Lumumba, Bunia, ana deni lake. Mwambieni nalitafutia njia kila wiki. Sijalilipa.