Shughuli Niliyoivamia Temeke

Nichekeni, wasomaji, lakini watu wa Temeke nitawashukuru mpaka nife. Bendi yetu ilikuja Dar es Salaam kutoka Mombasa kupiga dansi, nami, mtu nisiyetulia, asubuhi nikabeba gita langu nikaenda kutembea mitaani. Huko Temeke nikakuta watu kwenye mikeka, masufuria ya pilau motoni, na mwanamume aliyejifunga kanga akichechemea kama mzee huku wenzake wakicheka. Nikajiambia, hii arusi. Hamu ya nyumbani ikanishika. Nikaketi bila kualikwa, nikapiga wimbo wetu wa arusini, kisha nikauliza:

“Bwana arusi yuko wapi, nimpe mkono?”

Kicheko kikakatika. Yule wa kanga akanitazama.

“Bwana, sisi ni watani wa marehemu, ndiyo maana tunamwigiza. Wewe ni mtani wa wapi?”

Nikaliweka gita chini. Nikaona jina la bendi yetu limekwisha mjini. Ndipo sauti ya mjane ikatoka ndani, nyuma ya pazia, ikijizuia kucheka:

“Mwacheni mgeni, mpakulieni pilau. Bwana arusi wake tumemzika jana.”