Mkasi na Kipimo cha Akili

Wifi yangu mkubwa ana kijicho. Hili namwambia mwenyewe usoni, naye hukataa, kisha hununa siku nzima, nami najua nimegusa penyewe. Lakini kabla hujamcheka, nikuonyeshe kwanza anavyokaa.

Anakaa kwenye cherehani ya dirishani, mgongo umepinda kidogo, sindano za akiba amezichomeka kwenye kola. Dukani pale sote ni nyumba moja. Shangazi yao ndiye mwenye duka na ndiye anayekata nguo. Wifi mkubwa na mdogo wake, tunayemwita Kitinda, wanashona. Mimi, mke wa kaka yao, napiga pasi mlangoni na kusema sana. Kitinda hawezi kushona bila kuuliza. "Dada, hili nikiligeuza litatazama wapi?" "Dada, hapa kinafuata kipi?" Na dada mtu humjibu mguu ukiwa kwenye pedali, kichwa hainui, na ukimuuliza baadaye amejibu nini, hakumbuki. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyokwenda, swali linatoka cherehani hii, jibu linatoka ile.

Mkasi mkubwa ulining'inia kwenye msumari juu ya meza ya kukatia, na hakuna aliyeugusa ila shangazi. Anayekata ndiye mkuu wa duka. Kidole gumba cha shangazi kilipoanza kumsumbua, akatangaza kwamba karibuni atauteremsha ule mkasi na kumpa mmoja wetu. Mimi sikujihesabu. Wifi mkubwa alijihesabu peke yake. Alishaanza hata kuifuta ile meza kila asubuhi kwa madaha ya mwenye mali.

Basi alasiri moja wateja hakuna, Kitinda akatoa simu. Huko mtandaoni kuna kipimo cha akili: maumbo, tarakimu, unabonyeza jibu huku saa inakukimbiza. Akawa nacho, akiuliza maswali yake kama kawaida yake, sisi tukiendelea na kazi. Mara akapiga ukelele. Alama mia moja thelathini na moja! Simu ikamwambia yeye ni miongoni mwa wachache duniani, na akilipia kidogo atapewa na cheti.

Nilicheka mpaka nikaiweka pasi pembeni. Kipimo kinachouza cheti, nikasema, kitathubutu kumwambia nani kuwa ni mjinga? Lakini shangazi aliisoma ile simu kwa miwani, akaisoma tena.

"Kumbe humu ndani nina kichwa," akasema, "na mimi nakitumia kushonea vifungo!"

Tangu hapo hakuna mteja aliyepimwa kiuno kabla ya kusimuliwa habari za Kitinda. Na kila zikisimuliwa, uzi wa wifi mkubwa ulikatika. Roho ilikuwa inamuuma, sifichi. Alikuwa akimtazama mdogo wake kwa jicho la pembeni, anatafuta hiyo akili ilipojificha siku zote hizo.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kupinda pindo," akaniambia. "Leo mwenye akili ni yeye?"

"Ni simu tu, wifi."

"Shangazi hasemi ni simu tu. Na mkasi ni wa shangazi."

Kesho yake niliingia stoo kutafuta kitambaa cha kupigia pasi, nikamkuta amejibanza katikati ya majora, simu mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa peke yake na ile saa inayorudi nyuma. Alipata themanini na nane. Aliiona kabla yangu, akaifunika simu kwa kanga.

"Ukisema, wifi, mimi na wewe basi."

Sikusema. Nilimwonea huruma, maana nilimwona usoni kwamba ameamini.

Aliporudi kwenye cherehani yake alikuwa mtu mwingine. Kitinda akiuliza, kimya. Akiuliza tena: "Iulize simu yako." Kitinda akadhani ni utani, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

Ndipo likaja gauni la mahameli. Mwenyewe alikuwa mama anayekwenda kumuozesha binti yake wa pekee, na kitambaa alikileta amekikumbatia. Shangazi alikata, Kitinda akapewa kuunga mikono. Mahameli haina msamaha: ukikosea ukafumua, matundu ya sindano yanabaki pale pale na kila mtu anayaona.

"Dada, mkono huu ni wa kulia au wa kushoto?"

"Mwenye mia moja thelathini na moja ni nani humu?"

Kitinda akabahatisha, akashona. Wifi mkubwa aliinua macho mara moja tu, akaangalia, akayarudisha chini. Nilimwona akitabasamu, nikadhani wamepatana.

Mama wa watu alipolivaa, mikono ilimvuta mabega nyuma, akashindwa hata kujishika kifua. Wa kulia ulikuwa kushoto. Alijitazama kwenye kioo, machozi yakamtoka bila sauti, na shangazi akamvua lile gauni taratibu akimwomba radhi. Alipoondoka, shangazi alimgeukia wifi mkubwa, si Kitinda.

"Wewe unakaa mbele yake. Hukuona?"

Angeweza kusema hakuona. Lakini mwongo siye, huyu wifi yangu.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Mwenye akili si yeye?"

Shangazi akaiendea meza ya kukatia. Akauteremsha mkasi kutoka kwenye msumari, akauweka juu ya cherehani ya Kitinda. Kitinda akaangua kilio.

"Shangazi, siwezi! Zile alama si zangu, ni za Dada. Maswali yote nilimuuliza yeye, mimi nabonyeza tu. Nilidhani anajua! Halafu mkanisifu, nikanogewa."

Pedali ya dirishani ilisimama. Mimi nilisikia pasi inaunguza kitu na sikuweza kuiinua. Sijui kipimo kile kinapima nini. Kilikutana na mtu yule yule mara mbili, mara ya kwanza kikamwita mmoja wa wachache duniani, mara ya pili kikamwaibisha stooni, na mara zote mbili hakikumjua.

"Basi mpe yeye, shangazi," Kitinda akasema, akiusukuma mkasi.

"Akili zake nazijua tangu anatambaa," shangazi akasema. "Mkasi nilikuwa nimeshampa moyoni. Lakini aliona kitambaa cha mtu kinaharibika akafurahi. Kata wewe. Wewe angalau utauliza."

Wifi mkubwa hakulia, wala hakununa. Hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi iliyofuata meza haikuwa imefutwa. Kitinda akaifuta mwenyewe, akatandika kitambaa cha mistari, akajishika kichwa.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "nikikata hapa, mistari itakutana mgongoni?"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe nyumba ile, nikamwona wifi yangu anainua kichwa kabla ya kujibu. Hakumtazama mdogo wake. Aliutazama mkasi.

"Rudi nyuma vidole viwili," akasema.