Tuliandika "tunaendelea vizuri" kwenye fomu ya kuomba msaada, Toronto

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma nyuzi humu za watu wanaodai Wayahudi hawampi mtu kitu bila kumtega. Nitaeleza nilichokiona mwenyewe, na nilipokosea nitasema. Anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi shule niliiacha form two. Nimezunguka Tanga, Muscat, London, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 nikajikuta Toronto, nalala kwenye sofa la dada yangu Mwanaidi, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Jane and Finch.

Mchana nilipakia mizigo ghalani. Jioni niliingia maktaba ya chuo kikuu kilicho jirani. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Nilisoma chochote, hata kesi za mipaka ya mashamba ya watu nisiowajua.

Binti wa dada, Zuhura, alikuwa mwaka wa pili wa sheria. Baba yake alikuwa dereva teksi, akapigwa na kiharusi. Ada ya mwaka wa mwisho ikawa haina mlipaji. Zuhura akaanza kusema anaacha chuo, atatafuta kazi benki.

Ndipo nikaona tangazo kwenye ubao wa chuo. Mfuko wa hisani wa mawakili wa Kiyahudi, unasomesha wanafunzi wa sheria wenye uhitaji. Dini yoyote.

Nikachimba, ndiyo tabia yangu. Kumbe waanzilishi wake walikataliwa kazi kwenye ofisi kubwa za mawakili mjini humo kwa sababu tu ya majina yao. Wakafungua ofisi zao, wakaanza kuwachangia wanaokuja nyuma.

Nikampelekea Zuhura fomu. Jirani yetu, Bwana Shabani, akasikia.

"Utavuliwa huo mtandio, binti. Na huyu mjomba wako wa form two ndiye mshauri wako?"

"Mtandio nimeuvaa mwenyewe, ami," Zuhura akamjibu. "Na form two wangu anasoma. Wewe umesoma nini mwaka huu?"

Fomu ilikuwa na swali moja zito: eleza hali ya familia yako. Wakaijaza mama na mwana, Jumapili, mimi nikiwa kazini. Niliporudi nikaisoma.

Waliandika: "Familia inaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Baba yupo mapumzikoni."

Wakuu, si ndivyo tunavyojibu tukiulizwa hali? Nyumba inaungua, sisi salama tu. Sasa unaomba msaada huku unaapa huna shida.

"Dada, mapumzikoni wapi? Shemeji hawezi kufunga kifungo cha shati."

"Kwa hiyo nimwanike mume wangu kwa watu nisiowajua?"

"Unaowajua wamekusaidia nini?"

Zuhura alichukua fomu nyingine akaandika upya. Kiharusi, teksi iliyouzwa, mama anayefua mashuka hotelini, vyote. Dada hakunisemesha siku nne. Sahani yangu aliiweka mezani bila kunitazama.

Zuhura akaitwa kwenye interview. Nilimsindikiza, nikakaa mapokezi. Alipotoka akanieleza kwamba wakili mmoja, mama mtu mzima, alimuuliza swali moja tu: "Baba yako anajua ulichoandika?"

Akamjibu: "Nilimsomea kabla sijaileta. Alilia, kisha akasema peleka."

Mimi hilo sikulijua.

Wiki chache baadaye barua ikaja. Amepata, ada ya mwaka mzima. Chini yake kulikuwa na ombi: wangependa kuchapisha habari zake na picha kwenye kijitabu cha hafla yao, ili wachangiaji wasome.

Nikamwambia kubali. Watu wamekutoa mbali, usionekane huna shukrani.

Akakataa.

"Mjomba, niliwaambia ili waweze kuamua. Wameshaamua."

"Na wakibadili mawazo?"

"Wabadili. Nitajua walikuwa wananunua nini."

Akapiga simu palepale, mama yake amesimama mlangoni mwa jiko. Akasema anawashukuru, kwenye hafla atakuja, ila habari za baba yake hazichapishwi. Nilikuwa najilaumu tayari kwa kutomzuia.

Alipokata simu akasema: "Ni yule yule mama. Kasema kijitabu hakikuwa sharti, na kwamba yeye pia angekataa."

Likachapishwa jina lake tu. Ada ikalipwa.

Nilichotoka nacho ni hiki. Nilikuwa sahihi kuhusu fomu, nikakosea kuhusu kijitabu, kwa sababu nilidhani aliyepewa hana tena haki ya kusema hapana. Hao waliopewa jina la watega watu walilielewa hilo kuliko mimi.

Mliowahi kuomba ufadhili ugenini, pale wanapouliza habari za nyumbani mliandika nini? Semeni ukweli wakuu, majina yetu humu ni ya bandia hata hivyo.