Sikio la Fundi Stambuli

Kabla kompyuta haijaletwa pale kwenye kiwanda cha injini, injini zilipimwa kwa sikio la Stambuli. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaukandamiza nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Akishasikiliza anasema, "Nozeli ya tatu inachuruzika," na ikifunguliwa inakutwa inachuruzika. Madereva wa malori ya mboga ya Mgeta walikuwa wakiteremka na mizigo yao ya kabichi kuelekea Dar es Salaam, lakini kwanza wanapita kwenye lango la kiwanda kumwomba awasikilizie magari yao, injini zikiwa zinanguruma.

Mwenyewe alizaliwa huko huko Mgeta, akaingia kiwanda hicho cha umma mwaka wa sabini na nne akiwa kijana wa kubeba vyuma, na miaka ishirini baadaye alikuwa ndiye fundi mkuu wa chumba cha majaribio ya injini. Alipanga nyumba mtaa wa Mafiga na mkewe, Mwaisha. Binti yao wa pekee, Sabra, alikuwa ameshaolewa Kilosa.

Mwaka wa tisini na tano akaja Joyce. Alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na kitu, Mpare, amesoma Dar es Salaam na kumalizia ng'ambo, na wafadhili wake walikuwa wamempa kompyuta mbili na vipaza sauti vidogo vya kubandika kwenye injini. Wakati huo ulikuwa wa ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuagiza bidhaa nje. Injini zilizokwisha kutumika zilikuwa zinaingia nchini kwa makontena, nyingine zimechoka kabla hazijashushwa, na njia nzima ya kutoka Mikese mpaka mjini majani ya kando ya lami yalikuwa yamevaa masizi.

"Shikamoo, Mzee Stambuli," Joyce alimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba, Injinia. Karibu kwenye moshi."

"Nimekuja kuomba sikio lako."

Stambuli alicheka akidhani ni utani. Joyce akamweleza kwamba anataka kutengeneza wakala: programu itakayokaa ndani ya kompyuta, isikilize injini muda wote, ipime joto la moshi, na ikisikia nozeli inamwaga dizeli ovyo, ipunguze yenyewe kabla moshi haujawa mweusi. Ikisikia hatari kubwa zaidi, izime injini.

"Bila kumuuliza mtu?" Stambuli aliuliza.

"Bila kumuuliza mtu. Injini inazunguka mara elfu mbili kwa dakika, mzee wangu. Ukisema ungoje uulize, umeshachelewa. Ila wakala haijui injini nzuri ni ipi na mbovu ni ipi. Hilo unalijua wewe. Wewe utaifundisha."

"Na nikimaliza kuifundisha, mimi mtanipeleka wapi?"

"Ikikosea nani ataisahihisha?"

Jibu hilo Stambuli alilitunza kama hirizi.

Wakaanza. Kila asubuhi injini iliwashwa kwenye meza ya majaribio, na Stambuli akasikiliza kwa bisibisi yake na kuandika daftarini: nozeli fulani safi, fulani mbovu, pampu imewahi, pampu imechelewa. Kila Ijumaa Joyce aliyaingiza maneno hayo kwenye kompyuta pamoja na sauti zilizonaswa. Mtu wa tatu alikuwa Severini, Mngoni mmoja mcheshi aliyetokea Songea, ambaye kazi yake ilikuwa breki ya maji inayoipa injini mzigo. Mwezi wa kwanza wa kazi hiyo walishika karatasi nyeupe mbele ya ekzosi ikatoka nyeusi kama sufuria. Mwezi wa nane walishika nyingine ikatoka na rangi ya majivu. Severini aliigongomea karatasi hiyo ukutani, akaandika chini yake kwa chaki: TUMEPUMUA.

Halafu sauti nyembamba zikaanza kumpotea Stambuli. Hakujua zilianza lini kuondoka. Siku moja, mfungo wa Ramadhani ukiwa umeanza tu, aligundua kwamba kile kidundo cha sindano ndani ya nozeli, tiki-tiki aliyoizoea kuliko sauti ya mama yake, hakipo, na mahali pake kuna nyenje. Nyenje hao hawakunyamaza. Walilia injini ikiwaka na walilia injini ikizimwa, walilia msikitini na kitandani. Nyumbani Mwaisha akisema "kata," yeye alisikia "pata." Alikwenda kwenye zahanati moja ya mbali ambako hakuna aliyemfahamu. Mganga alimulika masikio yake kwa tochi, akamsogelea na kusema kwa nguvu, "Mzee, haya hayarudi. Ni injini hizo, miaka yote hiyo bila kuziba masikio."

Stambuli alimwomba asiandike cheti chochote. Kiwanda kilikuwa kimeingia kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya majina ya watu wanaopunguzwa ilibandikwa kwenye ubao wa lango. Wagonjwa walikuwa wa kwanza. Mtu wa miaka arobaini na saba, asiyejua kazi nyingine ila injini, tena kiziwi, angekwenda wapi?

Basi akaficha. Akawa anasoma midomo. Akawa anaweka kiganja kwenye injini na kubahatisha kwa mtetemo. Wakati mwingine alipatia, na kila alipopatia alijiambia kwamba kesho pia atapatia. Kila alipofungua daftari mkono ulikuwa mzito kama anayeandika wosia, lakini aliandika.

Mwezi wa sita, mwaka wa tisini na sita, zikiwa zimebaki wiki mbili wafadhili waje kuona, wakala ilizima injini. Kwenye kioo cha kompyuta yalitokea maneno: KUGONGA. BERINGI YA PILI.

Joyce alikuja mbio. "Mzee, hebu sikiliza."

Injini ikawashwa tena. Stambuli akaweka bisibisi, akafumba macho kama zamani. Alisikia nyenje tu. Kiganja chake kilimwambia kwamba chuma kinatetemeka, lakini kila injini inatetemeka. Alifikiri haraka, kama mtu anayekimbizwa. Akisema ndiyo, injini itafunguliwa, na beringi ikikutwa nzima wataanza kumtazama vibaya, na siku nne zitakuwa zimepotea. Akisema hapana, wakala ndiyo imekosea. Na mashine inayokosea inamhitaji mtu.

"Hamna kitu," akasema. "Imekosea."

"Una hakika?"

"Injinia, nimeanza kusikiliza beringi wewe ukiwa shule ya msingi."

Joyce akaisahihisha. Baada ya siku tano wakala ikazima tena, neno lile lile, beringi ile ile. Stambuli akasikiliza tena nyenje wake, akasema tena, "Imekosea." Joyce akaisahihisha tena.

Mara ya tatu wakala haikuzima. Ilikuwa imefundishika.

Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Injini ilikuwa imebebeshwa mzigo wote, na Severini alikuwa amechuchumaa kando yake akikaza mpira wa maji wa breki. Stambuli hakusikia mlio. Alichoona ni ubavu wa injini ukipasuka kama chungu, mafuta meusi yakaruka hadi kwenye kuta, na Severini akaangushwa chini. Beringi ya pili ilikuwa imekwisha. Konrodi, ule mkono wa chuma wa ndani ya injini, ilikatika, ikatoboa bloku na kumpiga Severini mguu chini ya goti. Mdomo wa Severini ulikuwa wazi kabisa. Kwa Stambuli, ulikuwa mdomo usiokuwa na sauti.

Jioni hiyo hiyo mguu ulikatwa.

Kiwanda kizima kikasema neno moja: kompyuta ya yule dada imemlemaza mtu. Wakubwa wakaunda kamati. Wafadhili wakapigiwa simu wasije. Joyce hakujitetea, alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akipitia makaratasi ya rekodi, mstari kwa mstari, akitafuta kosa lake. Stambuli alimwona kila alipopita mlangoni. Ilikuwa rahisi mno kunyamaza. Hakuna aliyemwuliza chochote. Watu walimpa pole.

Nyumbani hakula. Siku ya tatu, akiwa amekaa uani anatazama ukuta, Mwaisha alikuja akachuchumaa mbele yake, akamshika kidevu ili amtazame.

"Baba Sabra. Nimekuita mara tano."

"Nilikuwa nawaza."

"Kwamba husikii nilijua tangu kwenye mfungo. Ngoma ya daku ilipita dirishani hapa, nawe huna habari. Nikasema ngoja aniambie mwenyewe." Alizungumza polepole, akiunda kila neno kwa midomo. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Sasa kilio ni cha nani? Si chako. Ni cha mke wa Severini."

Stambuli alilia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Kesho yake alikwenda hospitali. Severini alikuwa amelala, shuka limebonyea mahali ambapo mguu ungekuwa. Alianza kuzungumza kwa sauti dhaifu, uso ameugeuzia dirishani, na Stambuli, kwa mazoea ya miezi yote ile, akawa anaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo. Alhamdulillahi."

Severini akageuza uso, akamtazama. Aliposema tena, Stambuli aliisoma midomo yake vizuri.

"Nimekuuliza kama nitakufa. Umesema alhamdulillahi."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Stambuli akamweleza yote, pale pale, amesimama na kofia mkononi. Severini hakumtukana. Alijifunika shuka mpaka usoni.

Kamati ilikaa Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo, na Stambuli alipoitwa alitazama masharubu hayo yakichezacheza bila kuambulia neno. Akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba msiniulize. Sisikii. Niacheni niseme mwenyewe." Hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani, aliona watu wakirudi nyuma kwenye viti. "Kompyuta haina kosa, wala binti huyu hana kosa. Wakala ilisikia. Mara mbili ilisikia beringi inagonga, na ilisikia kwa sikio langu, lile la mwaka jana, lilipokuwa zima. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba haikusikia. Nimekuwa kiziwi, na niliogopa ubao wa lango. Nimemkata Severini mguu kwa kuogopa karatasi."

Joyce alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alichana kipande cha karatasi, akaandika na kumsogezea: TANGU LINI?

Stambuli alifikiri sana, kwa sababu alijua kwamba jibu hili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, lazima liwe la kweli. "Tangu mwanzo wa mfungo," alisema. "Maandishi ya kabla ya hapo yote ni halali. Ya baadaye tupa."

Kamati ilimfuta kazi siku hiyo hiyo, ikaandika kwamba mradi umefungwa. Lakini mnunuzi wa kiwanda alikuwa bado hajakabidhiwa funguo, na chumba cha majaribio kilikuwa na wiki mbili za kukaa bure. Joyce alizitumia. Alifuta miezi mitano ya kazi. Hakumgombeza Stambuli, alimtumia ujumbe kwamba anahitaji mikono ya kufunga injini nyingine, basi. Stambuli akaenda. Walifanya kazi siku kumi na moja, na kwa siku zote hizo Joyce alimwambia yaliyo ya lazima tu, kwa kuandika.

Siku ya mwisho walifunga kwa makusudi beringi iliyolika, wakasimama mbali nyuma ya mlango wa chuma, wakaongeza mzigo kidogo kidogo. Stambuli alikuwa ameweka kiganja kwenye bomba lililoungana na injini. Mtetemo ulipanda. Halafu ukakatika. Wakala ilikuwa imezima injini, sekunde nne baada ya beringi kuanza kugonga. Wakafungua, wakakuta chuma kimeanza tu kukwaruzika.

Hakuna aliyekuwapo kuona. Joyce aliandika saa na tarehe, akakunja daftari, akaanza kuchomoa nyaya moja moja na kuzizungusha mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuacha kuzungusha nyaya. Alirudi Dar es Salaam na kompyuta zake, na mwezi uliofuata chumba kile kilikuwa kimejaa marobota ya mitumba mpaka darini.

Severini naye aliamua kurudi kwao Songea. Stambuli na Mwaisha walikwenda stendi kumuaga, ingawa hawakualikwa. Alikuwa ameshapandishwa basini, magongo yamelazwa juu ya magoti ya mkewe. Stambuli alisimama chini ya dirisha. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi tangu alfajiri, lakini alipomwona aliyasahau yote, akashika tu ukingo wa dirisha. Basi likaanza kutetemeka. Alilihisi kwenye vidole. Severini aliinama kidogo, akasema kitu. Si kirefu, maneno matatu au manne. Moshi mweusi ulipanda katikati yao, midomo ikapotea, na basi likaondoka. Stambuli aliona aibu kulikimbilia na kuomba arudiwe maneno hayo.

Wakahamia Mgeta, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na wajomba zake. Yale malori yanaendelea kupita bondeni, na madereva wapya hawamjui. Mwaisha akitaka kumwita huokota bonge la udongo na kulitupa karibu na mguu wake, naye hugeuka. Siku moja, wakipalilia kabichi, Stambuli alitua jembe akamuuliza mkewe jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza.

"Siku ile stendi, Severini alisema nini?"

Mwaisha alinyooka, akafuta mikono kwenye kanga. Alimgeuzia uso ili mumewe aisome midomo yake vizuri.

"Sikusikia," alisema. "Basi lilikuwa linanguruma."

Stambuli aliitazama midomo hiyo mpaka ikafumba. Miaka yote ya kusikiliza vyuma haikuwa imemfundisha kujua kama huo ni ukweli. Mwaisha alikuwa ameshainama, anaendelea na mstari wake.